Kamera ya kwanza ya DSLR: vidokezo 13 kabla hujalipa

Uliza kamera ya mtu anayeanza pale Kariakoo au Luthuli Avenue, na muuzaji atakupangia mezani Canon mbili tatu na Nikon mbili, zote nyeusi, zote zina lenzi ya 18-55mm, na kila moja ataisifia kwamba ndiyo yenyewe. Hakudanganyi sana. Bodi za daraja la chini zinakaribiana kuliko matangazo yanavyotaka tuamini. Zinapoachana ni kwenye lenzi zitakazokaa mbele yake, na kwenye mambo madogo ambayo hayaandikwi juu ya boksi. Huko ndiko pesa za wanaoanza zinakopotelea, na huko ndiko nataka tuangalie.

1. Andika utapiga nini, ndipo uulize bei

Chukua karatasi uandike mambo matatu utakayoyapiga zaidi mwaka huu. Harusi na kitchen party za usiku? Mechi za mtaani? Nguo za duka la dada yako? Video za mapishi? Kila jibu linakupeleka kwenye kamera yake. Ukumbini unahitaji lenzi inayopitisha mwanga mwingi. Uwanjani unahitaji lenzi ndefu na kamera inayomfuata mchezaji bila kupoteza fokasi. Jikoni, ambako unajirekodi mwenyewe, unahitaji skrini inayogeuka na tundu la kuchomeka maiki. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, nusu ya kamera zilizoko mezani zinajiondoa zenyewe.

2. Fahamu unanunua teknolojia ya umri gani

Ndani ya DSLR kuna kioo kinachoakisi mwanga kutoka kwenye lenzi kwenda kwenye kidirisha unachochungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, shata inafunguka, na sensa inapokea picha. Kamera mpya za siku hizi zimeondoa kioo hicho, na kampuni zimehamishia nguvu zake huko. Baada ya mwaka 2020 si Canon wala Nikon aliyetoa DSLR mpya. Canon 850D ilitoka mwaka huo, Canon 250D ni ya 2019, na Nikon D3500 ni ya 2018.

Mwenye pesa ya kutosha kununua Canon R50 au Nikon Z50 pamoja na lenzi mbili aende huko, na simzuii. Ila kwa pesa ya kubana DSLR iliyotumika bado inakupa vitu vingi zaidi: bodi, lenzi ya pili na flashi, kwa fedha ambayo upande wa pili ingeishia kwenye bodi tu. Betri yake pia inadumu. D3500 imepimwa picha 1,550 kwa chaji moja, na 250D picha 1,070, kwa sababu unapochungulia kwenye kidirisha hakuna skrini inayowaka. Anayepiga sendoff mahali ambapo umeme hauna uhakika anajua hilo lina thamani gani.

Ukija kuhama baadaye, lenzi za Canon za EF na EF-S zinafungwa kwenye kamera mpya za Canon R kwa adapta na kujitafutia fokasi kama kawaida. Nikon nao wana adapta yao, FTZ, kwa lenzi za AF-S na AF-P.

3. Usimalizie pesa kwenye bodi

Igawe bajeti nzima mapema. Bodi na lenzi ya kuanzia visizidi theluthi mbili. Inayobaki ni ya lenzi ya pili, betri ya akiba, memori kadi mbili na begi lisilopitisha maji. Kadi ya GB 32 inabeba picha za RAW, yaani ghafi kama sensa ilivyozipokea, kama elfu moja hivi kwa kamera ya megapikseli 24, kwa hiyo mbili za GB 32 zinakufaa kuliko moja kubwa: ikifa moja, hujapoteza harusi ya mtu. Kadi za bandia zimejaa sokoni. Ukinunua, ijaze mpaka mwisho nyumbani na ufungue faili za mwisho uone kama zinasomeka, kabla hujaibebea kazi.

4. Megapikseli zisikusumbue

Ukurasa wa A4 uliochapishwa vizuri, nukta 300 kwa inchi, unahitaji megapikseli karibu 9 tu. Megapikseli 18 za Canon 700D zinatosha picha ya ukutani yenye upana wa sentimita 40 na zaidi. Megapikseli 24 za Nikon D3500 zinafika sentimita 50. Tofauti hiyo mteja wako hataiona kamwe. Ruka mstari huo kwenye boksi.

5. Soma namba za majina kwa akili

Kwa Canon, kadiri tarakimu zinavyokuwa chache ndivyo kamera inavyopanda daraja. Yenye tarakimu moja kama 5D na 6D ni ya juu, mbili kama 70D na 80D ni ya kati, tatu kama 700D, 800D na 250D ni ya wanaoanza, na nne kama 1300D, 2000D na 4000D ndiyo ya chini kabisa. Mtu asiyejua huona 4000D akadhani imeizidi 700D mara nyingi. Ni kinyume chake. Kwa Nikon, tazama tarakimu ya kwanza: D3000 na kitu ndiyo ya chini, D5000 na kitu inaizidi, D7000 na kitu inazizidi zote mbili.

Kuna pia majina ya nchi. Kamera iliyoletwa kutoka Marekani ikaandikwa Rebel T7 ni 2000D ileile. Rebel T7i ni 800D. Rebel SL3 ni 250D. Iliyotoka Asia inaweza kuandikwa 1500D, nayo ni 2000D, au 200D II, nayo ni 250D. Ukiona bei mbili kwa kamera moja yenye majina mawili, lipa ndogo.

Nami niseme wazi kuhusu 4000D: iache. Pete inayoshika lenzi ni ya plastiki, skrini ni ya inchi 2.7 na inaonyesha picha kwa ukungu ukungu, na haina kile kigurudumu kidogo cha kurekebisha kidirisha kwa mtu mwenye macho dhaifu. Anayevaa miwani atateseka nayo. Kwa bei yake, 700D ya mwaka 2013 iliyotunzwa inakupa skrini ya kugusa inayogeuka, tundu la maiki na nukta tisa za fokasi zilizo imara zaidi.

6. Ijaribu kwa uso mweusi na kanzu nyeupe

Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu miongozo mingi ya kamera haiandikwi kwa kufikiria nyuso zetu wala jua letu. Bwana harusi mweusi amevaa kanzu nyeupe, saa saba mchana, yuko nje ya msikiti wenye ukuta mweupe. Kamera inapima mwanga wa fremu nzima, inaona weupe mwingi, inaamua kwamba mwanga umezidi na inapunguza. Kanzu inatoka vizuri na uso unapotelea gizani. Ukiongeza mwanga ili uso uonekane, kanzu inakuwa karatasi tupu isiyo na mkunjo hata mmoja.

Mpiga picha mzoefu huilinda kanzu kidogo, anapiga RAW, kisha anauinua uso wakati wa kuhariri. Hapo ndipo sensa zinapoachana. Nikon za megapikseli 24, kuanzia D3300 hadi D3500 na D5300 hadi D5600, zinavumilia sana kuinuliwa: uso unatokea ukiwa na rangi yake na ngozi laini. Canon za zamani, 1300D na 700D, pamoja na 2000D, zinaanza mapema kutoa chengachenga na wakati mwingine mistari kwenye sehemu zilizokuwa giza. Canon 200D, 250D na 800D zimetengenezwa upya upande huo na zinafanya vizuri zaidi.

Jaribio lake dukani ni rahisi. Toka na kamera mlangoni, mweke rafiki yako kwenye kivuli huku nyuma yake kuna barabara yenye jua, piga RAW kwa ISO 100, nenda nayo kwenye kompyuta na uinue uso. Fanya hivyo kwa kila kamera unayoifikiria. Watu wengi hupenda rangi ya ngozi inayotoka kwenye JPEG za Canon bila kuhaririwa, nami naielewa sababu, ina joto fulani. Lakini rangi unaweza kuirekebisha baadaye. Maelezo ya uso yaliyozama kwenye chengachenga hayarudi. Kama kazi yako itakuwa watu, nje, mchana, jaribio hili lina uzito kuliko kila kilichoandikwa kwenye boksi.

7. Soma herufi zilizo kwenye lenzi ya 18-55mm

Lenzi zote za 18-55mm zinafanana kwa mbali. Zisogelee usome. Kwa Canon tafuta herufi IS. Kwa Nikon tafuta VR. Zote mbili zina maana ileile: ndani ya lenzi kuna kifaa kinachotuliza mtikisiko wa mkono. 2000D na 4000D mara nyingi huuzwa na lenzi iliyoandikwa 18-55mm III, bila IS, na wauzaji wengi hawataji. Nikon nao wana 18-55mm ya AF-P ya aina mbili, moja ina VR na nyingine haina. Kwa tofauti ndogo ya bei, chukua yenye kutuliza. Ukiona pia neno STM kwa Canon au AF-P kwa Nikon, vizuri zaidi: mota yake ni tulivu na haitaingiza kelele kwenye video yako.

Ila elewa mpaka wake. IS na VR zinatuliza mkono wako, hazimsimamishi mtu anayecheza. Ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu utapata nguzo na madhabahu safi, na bibi harusi anayetembea atakuwa ukungu. Kwa yeye unahitaji mwanga, na hiyo ni habari ya kidokezo cha 9.

Tahadhari nyingine ni boksi la lenzi mbili. Canon ikiuzwa na 75-300mm III ndani yake, usione ndefu ukadhani umepata. Haina IS, na kwa urefu ule kila pumzi yako inaonekana kwenye picha. Mwombe muuzaji aibadilishe na 55-250mm IS STM. Ni fupi kidogo, ni kali zaidi, na inatulia.

8. Nikon ya chini haina mota ndani

Mlango wa lenzi wa Nikon ni uleule tangu mwaka 1959, na hilo linavutia: lenzi za zamani ziko nyingi na ni za bei nafuu. Lakini bodi zote za D3000 na kitu na D5000 na kitu hazina mota ya kuzungusha lenzi. Lenzi iliyoandikwa AF au AF-D itaingia na kufunga vizuri, kisha itakaa kimya. Fokasi utaizungusha kwa mkono. Nunua zilizoandikwa AF-S au AF-P. Na hata AF-P ina masharti: D3100 na D3200 haziwezi kuitumia, na D3300 na D5300 zinahitaji kwanza programu ya ndani ya kamera isasishwe.

Canon hawana kikwazo hiki. Lenzi yoyote ya EF, hata zile za mwanzo za 1987, inajitafutia fokasi kwenye DSLR yoyote ya EOS. Kama una mjomba aliyeacha Canon ya filamu ya miaka ya 1990, angalia lenzi zake kabla ya kuchagua upande.

9. Lenzi ya pili iwe f/1.8

Namba hiyo ya f inaeleza tundu la lenzi linavyofunguka. Ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 18-55mm ukiivuta mpaka mwisho inafikia f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Ukumbini hiyo ndiyo tofauti ya picha yenye mtu na picha yenye kivuli cha mtu, na kwenye picha za uso ndiyo inayolainisha viti vya plastiki na nyaya zilizo nyuma.

Kwa Canon kuna 50mm f/1.8 STM iliyotoka 2015. Kwa bodi hizi zenye sensa ndogo inaona kama lenzi ya 80mm, kwa hiyo ni nzuri mno kwa nusu mwili na uso, ila chumbani utagonga ukuta kwa kurudi nyuma. Kwa Nikon napenda zaidi 35mm f/1.8G ya DX. Inaona karibu kama jicho linavyoona, inaingia sebuleni, kwenye saluni, hata ndani ya gari la maharusi. Mtu akiniambia ana pesa ya Nikon D5600 na lenzi ya boksi, au Nikon D3400 iliyotumika pamoja na 35mm hiyo, namwambia achukue ya pili bila kusita.

10. Kama ni video, orodha inabadilika kabisa

Hapa Canon wanaongoza kwa wazi. 200D, 250D, 800D na 850D zina mfumo wa fokasi ndani ya sensa yenyewe, hivyo unapojirekodi ukitembea kuelekea kwenye kamera, uso wako unafuatwa bila kuyumba. Nikon D3500 na D5600 kwenye video zinatafuta fokasi huku na huko, na mtazamaji anaiona ikitafuta. 700D inafuata polepole, lakini ina tundu la maiki na skrini inayogeuka, na kwa mwenye pesa kidogo inatosha kuanza.

Sauti ni muhimu kuliko picha. Watu huvumilia picha ya wastani lakini sauti yenye mwangwi wanaizima. Tundu la maiki lipo kwenye 700D, 750D, 200D, 250D, 800D, D5300 na D5600. Halipo kwenye 2000D, 4000D wala D3500. D3300 ilikuwa nalo, kisha Nikon wakaliondoa kwenye D3400 iliyofuata, kwa hiyo hapa mpya haikuizidi ya zamani.

Usivutwe na neno 4K lililoandikwa kwenye 250D. Ukiiwasha, picha inakatwa pembeni na ule mfumo mzuri wa fokasi unazimika. Ipige Full HD. Na kumbuka kwamba kamera hizi zinajizima kurekodi kabla ya dakika 30 kufika. Anayetaka kurekodi khutba au mahafali yote kwa mkupuo mmoja awe na mtu wa kubonyeza tena.

11. Angalia pini ya katikati pale juu

Sehemu ya kuchomeka flashi juu ya kamera ina vidoti vya chuma. Kile kikubwa cha katikati ndicho kinachofyatua flashi za kawaida kama Yongnuo YN560 na vifaa vya kufyatua taa za studio visivyo vya kampuni. Canon 250D haina kidoti hicho. Flashi maalumu za Canon zinafanya kazi. Ya bei nafuu uliyoazima kwa kaka wa studio ya jirani haitawaka. Kwenye bodi nyingine za Canon za miaka ya karibuni fungua kifuniko na utazame kwa macho yako. Kama unataka kufanya kazi za ukumbini au studio, kukosekana kwa kidoti hicho peke yake kunatosha kukurudisha kwenye 200D au 800D.

Na kabla ya kuchagua kampuni, uliza rafiki zako wanatumia nini. Mfumo walio nao wenzako wa karibu ndio utakaokuwezesha kuazima lenzi, betri siku umesahau yako, na ujuzi wa kuhangaika na menyu ileile. Hilo nalihesabu kuwa sawa na lenzi moja ya bure.

12. Iliyotumika: ichunguze bila haraka

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, na hakuna ubaya wowote, mradi uende mchana, na memori kadi yako na tochi ya simu.

Anza na shata. Kamera za daraja hili hukadiriwa kufikia mifyatuo kama 100,000, nyingine huzidi, nyingine hazifiki. Nikon huandika hesabu ndani ya kila faili ya picha. Piga JPEG moja, isome kwa programu yoyote inayofungua taarifa za picha. Canon nyingi hazionyeshi kwenye faili, inabidi uiunganishe kwa waya na kompyuta yenye programu maalumu, na si kila modeli inakubali. Kama haiwezekani, soma mwili: mpira uliolainika mkononi, maandishi ya vitufe yaliyofutika na pete ya lenzi iliyokwaruzika vinaonyesha bodi iliyofanya kazi nyingi, hata kama muuzaji anasema ilikuwa ya mtalii.

Kisha sensa. Weka f/16, piga anga tupu au ukuta mweupe, ukuze picha kwenye skrini. Madoa ya kijivu ni vumbi, na linasafishika. Mkwaruzo hausafishiki. Halafu funika lenzi na kifuniko, piga picha ya giza. Nukta nyekundu au buluu zilizotawanyika ni sensa iliyochoka. Tazama skrubu za chini: zikiwa zimelika vichwa, kamera imefunguliwa, na una haki ya kuuliza nani aliifungua na kwa nini. Chomoa na uchomeke kadi mara kadhaa. Inua flashi. Jaribu fokasi karibu, kisha mbali, kisha karibu tena, kwa kila lenzi utakayopewa.

Lenzi imulike na tochi kutoka nyuma. Vumbi kidogo si kitu. Unachokitafuta ni nyuzi nyembamba zinazotambaa kama utando: huo ni ukungu, yaani kuvu anayeota kwenye vioo. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, kwa unyevu wa pwani, ni jambo la kawaida sana, na akila ile ngozi ya kioo, hata fundi mzuri hawezi kuirudisha. Lenzi yenye kuvu usiinunue, hata kwa bei ya kutupwa, wala usiihifadhi pamoja na nzima.

Yako mwenyewe ilinde kwa gharama ndogo: chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, ndani yake vifuko kadhaa vya silika, vile vinavyokuja kwenye viatu na maboksi ya vifaa vya umeme. Begi la sponji lililofungwa miezi miwili chini ya kitanda ni shamba la kuvu. Na unapotoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kikali kwenda kwenye joto la nje, iache kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu, vinginevyo maji yatajikusanya kwenye vioo.

13. Malizeni kwa karatasi

Namba ya utambulisho mara nyingi iko chini ya bodi. Iandikwe kwenye risiti, pamoja na jina la modeli na lenzi, sahihi ya muuzaji, na siku mlizokubaliana za kurudisha ikiwa kuna kasoro. Muuzaji akikataa kuiandika, au ukikuta imekwanguliwa, usinunue. Inaweza kuwa ya mpiga picha mwenzako aliyeibiwa na bado anaitafuta. Zile siku mlizokubaliana zitumie zote: piga alfajiri, mchana, usiku, ndani na nje, mpaka betri iishe, kisha fungua picha kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Kasoro ya fokasi inayojificha kwenye skrini ya inchi 3 inaonekana waziwazi kwenye kioo cha kompyuta, na ukiiona mapema unarudi dukani ukiwa na risiti mkononi na siku bado zipo.